Kwa nini mwanamuziki wa jazi Nairobi anakubali picha usiku jukwaani, lakini mchana anaikimbia kamera?

#1 Riziki35
Wadau, hamjambo. Nina mradi wangu wa picha na mahojiano na wanamuziki wa jazi hapa Nairobi. Siwatafuti wale wa mabango. Nawataka hawa wanaopiga saksafoni Ijumaa kwenye hoteli za Westlands na Kilimani, halafu Jumatatu wako mtaani kama sisi wengine. Picha za jukwaani ninazo tele na zimeanza kunichosha: taa ya zambarau, jasho, macho yamefumbwa, basi. Ukiziangalia huwezi kujua mtu huyu anaishi mji gani.

Kwa hiyo nautaka mchana. Mpiga tarumbeta akifundisha watoto wa shule, mpiga kinanda akiuza vipuri vya simu pale Luthuli, mpiga ngoma akisubiri maji kwenye foleni. Usiku kwenye klabu wananiambia "dada piga tu, piga". Nikiomba kumtembelea mtu nyumbani au kazini kwake, majibu ni yaleyale: "tutaongea", "wiki ijayo", "nitakutumia lokesheni". Lokesheni haiji. Mmoja alikubali. Nikafika saa tano asubuhi, nikamkuta kwenye kochi amevaa suti nyeusi na saksafoni mapajani, sebule imepangwa kama wajumbe wa posa wako njiani. Hiyo ndiyo picha niliyorudi nayo.

Kwa nini? Na nyinyi mliowahi kufanya kazi ya aina hii, mliingilia mlango gani?

#2 kifuniko_cha_lenzi
Nimevuta kiti.

#3 Mzee_Makadara
Binti yangu, ni bei. Hakuna fumbo hapo.

Jazi mjini hapa imeuzwa kama kitu cha watu wenye nafasi. Ilikuwa muziki wa hoteli, kisha makampuni yakaingia. Tamasha la jazi la Safaricom lilipoanza mwaka 2014, watoto wa Korogocho walifaidika kupitia Ghetto Classics, mpango wa kuwafundisha muziki, na hilo ni jambo jema, sikatai. Lakini mteja wa kawaida alichokiona ni viti vya mbele, mvinyo na suti. Anapomwalika mpiga saksafoni kwenye harusi ya binti yake, hanunui sauti peke yake. Ananunua na ule mwonekano.

Sasa wewe umwanike mtu huyo mtandaoni na mtungi wa lita ishirini mkononi. Kamati ya harusi ikiketi kupanga bajeti, mmoja atasema, "Huyu si ndiye tuliyemwona akibeba maji? Mpeni nusu." Umaskini si aibu, lakini wakati wa kupatana bei ni hasara tupu.

#4 TenaMbovu
Mimi ni mmoja wa hao wa "tutaongea", kwa hiyo nitasema kutoka upande wa pili wa lenzi.

Mzee #3 amegusa ukweli kiasi. Lakini kabla ya bei kuna wezi. Naishi ploti moja Umoja. Saksafoni yangu ndiyo mali pekee niliyo nayo ambayo mtu akiiuza atalipa kodi ya miezi kadhaa. Majirani wanaamini mimi ni mtu wa bima, na ule mkoba wanadhani ni wa makaratasi. Wewe uje upige picha ya mlango wangu, ngazi, geti na kibanda cha mama mboga pale nje, kisha uiweke mtandaoni ikiwa na jina langu. Si umewachorea ramani?

Na hilo la saa tano asubuhi: shoo inaisha saa nane usiku, vyombo tunapakia hadi saa tisa, nafika nyumbani saa kumi. Saa tano asubuhi kwangu ni usiku wa manane. Huyo jamaa wa suti alikupenda sana.

#5 chapati_madondo
Kwa kifupi watu wa jazi hawaamki mapema. Uzi ufungwe 😂

#6 MkeWaTarumbeta
Huwa nasoma tu humu, leo mmenilazimisha kufungua akaunti.

Mnamjadili mwanamuziki kana kwamba anaishi peke yake. Nyumba mnayotaka kuipiga picha ni yangu pia. Jukwaani ni kwake, apigwe picha hadi ashibe. Nyumbani niko mimi, yuko mama mkwe, wako watoto, kuna sare za shule kwenye kamba na sufuria ambayo haijaoshwa. Mpiga picha akiingia anasema, "Msihangaike, kaeni tu kawaida." Kawaida gani? Katika nyumba ya watu wenye adabu, siku ya mgeni haijawahi kuwa siku ya kawaida. Panafagiliwa, panapikwa, watoto wanaogeshwa. Kisha mgeni anakuja humu kulalamika kwamba sebule imepangwa! Ulitaka akukaribishe kwenye vurugu?

Na nimalizie. Kuna mwandishi alikuja kwetu, akamhoji mume wangu jioni nzima huku mimi nikipitisha chai. Hadithi ilipotoka ikasema mume wangu "anapambana peke yake". Peke yake! Kodi ya mwezi ule niliilipa mimi, kutoka kwenye kibanda changu cha mitumba pale Gikomba.

#7 NyuziSita
Dada #6 amefunga mabao mawili kabla ya mapumziko.

#8 Riziki35
MkeWaTarumbeta, asante na karibu. Naomba kuuliza: nikija mara ya pili na ya tatu, bado ni mgeni? Si wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe?

#9 MkeWaTarumbeta
Jembe liko, na rundo la nguo za kupiga pasi pia. Lakini siku hizo mbili za kwanza uje bila kamera.

#10 NyuziSita
Mzee_Makadara, nakuheshimu, ila umeruka nusu ya mji. Hiyo habari ya suti na mvinyo ni jazi ya hoteli. Kanda hii imejaa bendi za Jazz ambazo hazikuwahi kuhitaji sakafu ya marumaru: Shirati Jazz ya D.O. Misiani, Victoria Jazz, na ng'ambo ya mpaka Tabora Jazz, Western Jazz, Atomic Jazz ya Tanga. Gitaa mbele, watu wanacheza. Nenda kwa wazee wa gitaa walioko bado Kariobangi na Dandora uone kama kuna atakayekukatalia. Atakukaribisha, atakulisha samaki, atakuonyesha gitaa ambalo kichwa chake kimeungwa kwa gundi na skrubu, na utapiga picha hadi betri iishe.

Kwa hiyo swali la Riziki si la wanamuziki wote. Ni la wale wanaopigia watu wanaokula kwa uma.

#11 Mmatumbi_Ilala
Wakuu, salamu kutoka Dar. Naunga mkono hoja ya #10. Hata Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefia huko kwenu Nairobi mwaka 1980, mtafute picha zake. Zile tunazozijua sote ni za gitaa na jukwaa. Za nyumbani ziko wapi? Na huyo hakupiga hotelini kwa mzungu.

#12 Mkusanya_Santuri
#11 rekebisha: Mbaraka alifariki kwa ajali ya barabarani Mombasa, Januari 1979. Na wakati huo alikuwa na Super Volcano, Morogoro Jazz alikuwa ameshaiacha.

#13 Mmatumbi_Ilala
Sawa mkuu, Mombasa. Hoja yangu haijahama: hata huyo wa gitaa, mchana wake hatuna.

#14 BintiMvita
Mombasa tukitajwa ni ajali tu. Wallahi nyie watu wa bara.

#15 ISO3200
Nyote mnaongea heshima na kodi ya nyumba. Mimi nasema ni mwanga. Mtu akishajiona mbaya kwenye picha ya mchana hatarudia.

Nairobi iko karibu kabisa na ikweta. Kuanzia saa nne hadi saa tisa jua liko utosini: mashimo ya macho yanakuwa meusi, paji la uso linang'aa, na mtu wa miaka thelathini anaonekana wa hamsini. Taa ya zambarau ya klabu mnaitukana bure, angalau inaficha. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Au subiri Julai, mawingu yakifunika mji kutwa nzima, upate mwanga laini wa bure ambao wenzetu wanaununua kwa vifaa. Ndani ya nyumba za ploti, fungua mlango, mkalishe hatua mbili ndani, uso uelekee nje. Usimweke na dirisha mgongoni.

Jambo la pili, kipima mwanga cha kamera kinataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani. Mweke mtu mweusi mbele ya dirisha, kitamzima abaki kivuli. Jaza fremu na uso wake, kitamchubua awe rangi isiyo yake. Punguza au ongeza mwenyewe, usikiachie. Na lenzi iwe ya milimita 35 au 50, mzinga wa kupiga simba Masai Mara uuache nyumbani. Milt Hinton wa Blue Note, ile kampuni ya rekodi za jazi, alifanya maajabu na kamera ndogo tu.

#16 Mkusanya_Santuri
Mambo ya mwanga sina ubishi. Lakini umewachanganya watu wawili, na tofauti yao ndiyo inayohusu uzi huu.

Mpiga picha wa Blue Note alikuwa Francis Wolff, Mjerumani aliyekimbia Berlin mwaka 1939 akamfuata rafiki yake Alfred Lion New York. Yeye alipiga wakati wa kurekodi. Na mnajua walikuwa wakirekodia wapi kwa miaka mingi? Hackensack, New Jersey, kwenye sebule ya wazazi wa fundi mitambo Rudy Van Gelder, mpaka alipohamia Englewood Cliffs mwaka 1959. Sebule! Picha tunazoziona leo kama kilele cha umaridadi zilipigwa nyumbani kwa mama wa mtu. Ila hukuti picha ya kochi. Wolff alikaza macho kwenye uso, mkono na moshi wa sigara, vingine vikamezwa na giza.

Milt Hinton hakuwa mpiga picha wa kampuni yoyote. Alikuwa mpiga besi. Alikaa na bendi ya Cab Calloway kuanzia 1936 hadi 1951, akipiga wenzake wakisinzia kwenye treni, wakila, wakisubiri, wakisimama chini ya vibao vya ubaguzi huko kusini mwa Marekani. Mkusanyiko wake una picha kama 60,000. Hakuomba lokesheni ya mtu. Alikuwa tayari ndani ya behewa.

#17 TenaMbovu
Riziki, jibu limepatikana. Jifunze besi.

#18 chapati_madondo
Bendi zenyewe zinatafuta mpiga besi anayefika kwa wakati. Ataajiriwa kesho.

#19 Gizani_Ngara
Nina swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Nani amewaambia kwamba foleni ya maji ni kweli zaidi kuliko jukwaa?

Kazi ya mpiga saksafoni ni usiku. Jukwaa ndilo ofisi yake, ngazi za nyuma za klabu ndiyo kantini yake. Kinshasa, Jean Depara alikuwa mpiga picha wa mwanamuziki Franco tangu miaka ya hamsini, na kazi yake kubwa ni ya usiku: baa, vijana wamependeza, flashi usoni. Hakuna anayesema Depara aliwakosa watu wa Kinshasa kwa sababu hakuwafuata wakifua.

Nashuku kinachotafutwa mchana ni umaskini. Mhasibu hamwombi umpige picha akiosha vyombo ili tujue ni mhasibu "wa kweli". Kwa nini mwanamuziki?

#20 Riziki35
Gizani_Ngara, hilo nalipinga kwa nguvu. Sitafuti umaskini. Mmoja wa niliowaomba ana nyumba Kitengela na mbwa wawili wakubwa, naye pia alinikimbia. Ninachotafuta ni jinsi muziki unavyokaa ndani ya siku ya mtu: anafanya mazoezi saa ngapi kama mtoto wa jirani amelala? Ridi, vile vijiti vyembamba vya mdomo wa saksafoni, anaziloweka kwenye kikombe gani? Hayo jukwaani hayaonekani.

Na kazi ya Depara naipenda. Ila alikuwa na usiku wa Kinshasa. Mimi nina taa ya zambarau na bango la kampuni ya bia.

#21 Gizani_Ngara
Mbwa wawili wa Kitengela wanamvunjia Mzee_Makadara nadharia ya bei. Ana jibu?

#22 Mzee_Makadara
Jibu ninalo. Mwenye nyumba Kitengela anaogopa kamati iseme, "Kumbe ana nyumba, si atupigie bure kama mchango?" Bei ni bei, inapanda na kushuka kwa picha pande zote mbili.

#23 NyuziSita
😂😂 Mzee hashindwi.

#24 Kijana_wa_58
Badala ya kubisha hodi nyumba kwa nyumba, kwa nini msiwaite wote mahali pamoja mchana? Kuna ile picha ya Harlem, wanamuziki wamejaa kwenye ngazi za nyumba ya kawaida. Hapa tuna ngazi za ukumbi wa Kaloleni, tuna Pumwani. Mtaa uko pale, watoto wako pale, na hakuna anayeonyesha mlango wake. Hofu ya TenaMbovu inaisha.

#25 Mkusanya_Santuri
Hiyo ni ya Art Kane, Agosti 1958, barabara ya 126. Wanamuziki 57 kwenye picha iliyotoka katika jarida la Esquire Januari 1959. Willie "The Lion" Smith alikuwapo lakini alikuwa ameketi pembeni, akabaki nje ya fremu. Watoto wa mtaa wamekaa ukingoni mwa barabara na Count Basie kajiunga nao. Waliitwa saa nne asubuhi, na inasimuliwa kwamba mmoja wao alishangaa kusikia kumbe siku moja ina saa nne mbili.

#26 TenaMbovu
Huyo aliyeshangaa ni ndugu yangu wa damu.

Ila Kijana_wa_58, Nairobi ukiwaita wapiga saksafoni wote ngazi moja, nusu saa ya kwanza ni kubishana nani asimame mbele, na nusu saa ya pili ni kuulizana nani alichukua shoo ya nani kwa bei ya chini. Mwite polisi kwanza.

#27 Wakili_Buruburu
Nimesoma uzi wote na hakuna aliyegusa sheria.

Faragha ni haki ya kikatiba, ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, na inataja nyumba waziwazi. Tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Sura ya mtu inayotambulika ni data yake, na ridhaa aliyoitoa leo anaweza kuiondoa kesho. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza klabu moja ya hapa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Kwa hiyo Riziki, yule mwalimu wa tarumbeta na wanafunzi wake: ridhaa ya mwalimu haitoshi. Unahitaji ya wazazi.

Na wanamuziki wajue hili: picha ni kazi ya aliyeipiga hata kama sura ni yako. Lakini ukimwagiza na kumlipa akupige, sheria ya hakimiliki ya 2001 inaiweka haki mikononi mwako uliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Andikeni karatasi moja, hata ya daftari.

#28 ISO3200
Wakili, sheria hiyohiyo ina msamaha kwa uandishi wa habari na sanaa. Usimtishe dada wa watu.

#29 Wakili_Buruburu
Msamaha una masharti, maslahi ya umma yakiwamo. "Mimi ni msanii" si mwavuli. Na kuomba ruhusa hakujawahi kuharibu picha.

#30 ISO3200
Kumeharibu nyingi! Ukishaomba, anavaa suti. Soma #1.

#31 Halleluya_Besi
Ngoja niwape sababu ambayo watu wanaizunguka. Kanisa.

Wapiga vyombo wengi wa mji huu, mimi nikiwamo, tulijifunza kanisani na Jumapili tuko kanisani. Tarumbeta na tromboni wengi wamepitia Jeshi la Wokovu, ambalo liko Kenya tangu 1921 na bendi zake zinalea watoto wadogo kabisa. Wengine walitokea shule ya Starehe, au bendi za polisi, magereza na jeshi. Sasa, mchungaji wangu anajua napiga besi. Hajui Ijumaa naipigia wapi, au anajua na hajaamua kujua. Picha ya jukwaani ina giza, ni rahisi kusema ilikuwa harusi. Ukinipiga nyumbani ukanihoji, utaniuliza "unapiga wapi wiki hii?" na itabidi nijibu. Siogopi kamera. Naogopa lile swali linalokuja nayo.

#32 MkeWaTarumbeta
Halleluya_Besi, mchungaji anajua. Wachungaji wote wanajua.

#33 Redio_Mbao
Niliwahi kufanya vipindi vya redio na wanamuziki kwa muda, niongeze upande wa mahojiano kwa sababu watu wameshika kamera tu.

Ukianza na "tuambie safari yako ya muziki" umepoteza saa nzima. Hiyo hotuba anayo kichwani, alishaitoa kwa kila mtu: nilizaliwa, nikapenda, nikapitia changamoto, namshukuru Mungu. Anza na chombo. Nani alikiweka pedi, vile vifuniko laini vya vitundu, mara ya mwisho? Hiyo ridi umeitumia tangu lini, na mpya unaipata wapi mjini hapa? Valvu ikikwama katikati ya wimbo unafanya nini? Mtu akizungumzia chombo chake anasahau kujitengeneza. Kutoka kwenye pedi anafika kwa fundi, kutoka kwa fundi anafika kwa mwalimu aliyemfundisha, na hapo maisha yote yanamwagika bila kuitwa. Mmoja nilimuuliza alivyosafirisha gitaa lake la besi kwa matatu. Alisimulia makanga aliyetaka alipie viti viwili, na kabla hajamaliza nilikuwa nimeshapata historia ya bendi tatu zilizovunjika.

Lugha nayo. Wengi wakiona kinasa sauti wanahamia Kiingereza cha hotelini. Usibishane, jibu kwa Kiswahili tu, au kwa lugha ya kwao kama unaijua. Baada ya muda atakufuata.

Kelele: vyumba vyetu ni zege na bati, sauti inarudi. Mhoji karibu na pazia au nguo zilizotundikwa, simu uiweke juu ya kitambaa karibu na kifua chake na si katikati ya meza. Na rekodi dakika mbili za chumba kitupu kabla hujaondoka. Utazihitaji kuficha pale ulipokata.

Kamera isiwepo siku ya kwanza. Hapo namuunga mkono dada #9.

#34 kifuniko_cha_lenzi
Hilo la kuanza na chombo nimeliiba.

#35 Tromboni_Mstaafu
Mmesema bei, wezi, mke, mwanga, kanisa. Nawapa ya mwisho na mtakasirika.

Tumechoka na nyinyi. Tangu nikiwa kijana wanakuja na kinasa sauti, wengine kutoka ng'ambo, wengine kutoka vyuo vyetu hapahapa. Unamwachia mtu siku nzima, unamtolea picha za zamani kutoka kwenye bahasha, anasema atazirudisha akishazinakili. Mimi picha zangu za bendi ya miaka ya sabini ziko kwa mtu ambaye simu yake haipatikani. Kijana wa leo anayekwambia "tutaongea" pengine hajawahi kuibiwa kitu, lakini sisi wazee tulimwonya.

Njoo na picha zilizochapishwa, za karatasi, za yule uliyempiga mwezi uliopita. Nikiona mwenzangu anazo ukutani kwake, tutaongea kweli.

#36 Mmatumbi_Ilala
Mzee #35 shikamoo. Na malipo je? Mtu akikuhoji siku nzima akupe chochote?

#37 Tromboni_Mstaafu
Marahaba. Nauli na chakula, lazima. Siku nzima bila shoo ni siku nzima.

#38 Redio_Mbao
Nauli sawa. Ila ukimlipa mtu kwa mahojiano yenyewe, anaanza kukupa unachotaka kusikia. Nimeliona hilo.

#39 TenaMbovu
Na usipomlipa anakupa unachotaka kusikia ili uondoke haraka. Mimi nimelifanya hilo.

#40 Gizani_Ngara
Mpiga picha naye analipwa na nani? Riziki, maonyesho yakifanyika na picha ikinunuliwa, mwenye sura anapata ngapi?

#41 Riziki35
Mpaka sasa hakuna aliyenunua hata moja, tugawane hewa. Lakini nakubali liandikwe mapema, kama alivyosema Wakili. Napendekeza nusu kwa nusu baada ya gharama ya kuchapisha.

#42 Wakili_Buruburu
"Gharama ya kuchapisha" ifafanuliwe. Hapo ndipo kesi zinapozaliwa.

#43 TenaMbovu
Riziki, tufanye hivi. Nyumbani kwangu hapana, hilo limekwisha. Lakini Jumatano alasiri tunafanya mazoezi Donholm, kwenye chumba cha nyuma cha duka la seremala. Tunavaa ndala, mpiga ngoma huja na mtoto wake, na vumbi la mbao linaingia kwenye kila kitu. Seremala hataki duka lake lionekane kwa sababu zake, kwa hiyo piga kuelekea ukutani. Nitawauliza wenzangu leo. Wawili watakubali, mpiga kinanda atauliza bei.

#44 ISO3200
Chumba cha nyuma kina dirisha?

#45 TenaMbovu
Kina tundu la feni. Feni haipo.

#46 ISO3200
Basi ISO 3200, lenzi wazi kwenye 1.8, na usithubutu flashi kwenye vumbi la mbao, kila chembe itang'aa.

#47 MkeWaTarumbeta
Na funika hiyo kamera na leso ukiingia. Riziki, ukimaliza Donholm pitia kwangu Gikomba, nifungapo kibanda jioni nahitaji mtu wa kubeba marobota.

#48 Mzee_Makadara
Mpiga kinanda ATAULIZA BEI. Nasisitiza.

#49 BintiMvita
Kuna yeyote anayejua fundi wa pedi za saksafoni ya alto asiye na maringo? Yangu ya fa inavuja tangu Ramadhani, na huyu wa kwetu ananipiga kalenda kila wiki.

#50 Halleluya_Besi
BintiMvita, kwani wewe unapiga? Mbona hukusema? Nitumie ujumbe wa faragha, kuna mmoja mtaani kwetu, lakini mpelekee asubuhi kabla hajaanza kunywa.